Kioo, peremende na kamera: historia ya kutafuta ugonjwa wa bomba lililozikwa

Leo naweka programu kando (kidogo tu, mwishoni nitazirudia, mnanijua). Nataka tuongee kuhusu mabomba. Si yale yanayopitisha data. Nasema mabomba ya kweli, ya majitaka na ya maji ya mvua, yaliyofukiwa chini ya barabara za Nakuru, chini ya nyumba na chini ya reli, ambayo hakuna anayeyakumbuka mpaka siku yameharibu kitu.

Swali ni moja: utajuaje kwamba bomba usiloliona limeanza kuugua? Watu wamelijibu kwa kioo, kwa moshi, kwa mafuta ya kunukia, kwa rangi, kwa kamera, kwa rada, na siku hizi kwa modeli za kompyuta zinazosoma picha. Mimi nina maoni yangu juu ya historia hii na nayatoa mapema, ili asiyekubali aanze kununa sasa hivi: kilichobadilisha kazi hii kuliko vyote si kamera. Ni kijitabu cha misimbo kilichotoka Uingereza mwaka 1980. Na hapa kwetu Bonde la Ufa, jambo ambalo kijitabu kile kilitaka kulifanya ni suala la uhai wa watu. Tutafika Mai Mahiu, lakini tutapita njia ndefu.

Tuanze London (ya Uingereza, si mtaa wetu wa London hapa Nakuru). Kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames ulinuka hadi wabunge wakashindwa kukaa bungeni, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mifereji mikuu ya chini kwa chini. Ilijengwa kwa matofali, mikubwa kiasi kwamba mtu angeweza kutembea ndani na taa mkononi. Huko hakukuwa na siri kubwa: ukitaka kujua hali ya mfereji, shuka ukaangalie. Tatizo ni yale mabomba madogo yanayotoka majumbani kwenda kwenye mfereji mkuu. Hayo yana upana wa milimita 150, labda 300. Hata paka mwenye akili hakubali kuingia. Na mji wowote, uwe London au Nakuru, sehemu kubwa ya mtandao wake wa majitaka ni hayo madogo.

Mafundi wa zamani walikuwa na mbinu ambayo mimi naipenda kuliko zote, na bado inafanya kazi. Mabomba ya majitaka hulazwa kwa mstari ulionyooka kutoka shimo moja la kushukia hadi lingine (manholi, kama mafundi wetu wanavyosema). Mtu mmoja anashusha taa kwenye shimo la kwanza. Mwenzake anashusha kioo chenye mpini mrefu kwenye shimo la pili na kutazama. Akiona duara zima la mwanga, kama mwezi mpevu, bomba limenyooka. Akiona nusu mwezi, bomba limebonyea katikati na maji yamesimama hapo. Akiona giza, kuna kizuizi au limevunjika. Gharama yake ni taa na kioo cha kunyolea ndevu. Bomba lote la mita 60 linasomwa kwa sekunde chache, na jibu linakuja kama umbo la mwezi.

Kisha kulikuwa na pua. Mwishoni mwa karne ya 19 wakaguzi wa nyumba Uingereza na Marekani walimimina mafuta ya peremende na maji ya moto kwenye bomba la juu kabisa la nyumba, kisha mkaguzi akazunguka vyumbani akinusa. Akisikia harufu ya peremende jikoni au chini ya ngazi, basi hapo bomba linavuja hewa chafu. Kulikuwa na sharti moja: yule aliyemimina haruhusiwi kuingia ndani, maana ananuka peremende mwili mzima na ataharibu jaribio. Mnaoandika majaribio ya programu mtaelewa hapo: usimwache anayetia data ya jaribio aguse na matokeo yake. Moshi ulifanya kazi hiyohiyo. Unausukuma kwenye bomba, halafu unaangalia unapotokea. Njia hii haijafa. Manispaa nyingi duniani bado hutumia moshi kutafuta paa ambazo zimeunganishwa kinyemela na mabomba ya majitaka.

Rangi nayo ina kisa chake. Mwaka 1871 mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer alitengeneza fluoresini, rangi inayong'aa kijani majini hata ikiwa kidogo mno. Kule kusini mwa Ujerumani mto Danube huwa unapotea ardhini karibu na Immendingen. Maji yanazama kwenye sakafu ya mto, na wenyeji walibishana miaka mingi yanakwenda wapi. Mwaka 1877 wataalamu walimwaga kilo 10 za fluoresini mahali yanapozama. Baada ya saa 60 hivi, chemchemi ya Aach iliyo umbali wa kilomita 12 hivi ikawa kijani. Fikiria: maji ya Danube, ambayo yangeishia Bahari Nyeusi, yalikuwa yanaibwa chini kwa chini kwenda mto Rhine. Tangu hapo rangi imekuwa chombo cha kila fundi. Unamwaga rangi kwenye choo cha jirani na kungoja kuona kama kisima chako kitageuka rangi. (Msijaribu bila kumwambia jirani.)

Lakini angalieni vizuri kitu kimoja. Moshi, peremende na rangi vinajibu swali la aina moja: je, kimeingia hapa kikatokea pale? Siku hizi kuna hata vifaa vya sauti. Unaweka kipaza sauti kwenye shimo moja na kinasa sauti kwenye shimo la pili, na kwa dakika chache unajua kama njia iko wazi au imeziba. Wanaprogramu wenzangu, hiyo ni ping. Na ping haikuambii seva ina afya. Inakuambia tu kwamba ipo.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu ardhi yetu inalifanya swali hili kuwa gumu zaidi. Nakuru imekaa miguuni mwa Menengai. Kusini kuna Longonot na Suswa. Chini ya lami na bustani zetu kuna majivu ya volkano na yale mawe mepesi yenye vitundu, yale mnayosugulia visigino. Ni udongo mzuri kwa viazi, na jengo linaweza kusimama juu yake miaka mingi bila shida, mradi maji yasipite ndani yake kwa kasi. Maji yakipata upenyo yanabeba majivu yale kama sukari.

Hapo ndipo bomba la majitaka linapokuwa hatari kwa namna ambayo fundi wa London hakuhitaji kuiwazia sana. Chukua kiungo kimoja kilichoachana kwa upana wa kidole. Mvua kubwa ikinyesha bomba linajaa, maji yanasukumwa nje kupitia upenyo ule na kulainisha majivu yanayolizunguka. Mvua ikikatika maji yanarudi ndani, na yanarudi na majivu. Kesho tena. Bomba linakuwa mwizi wa udongo, kidogo kidogo, na anachoiba kinapelekwa na maji hadi kwenye mabwawa ya kusafishia, ambapo kinaonekana kama matope tu. Nje ya bomba kunabaki pango. Pango linapanda juu polepole. Lami ina uwezo wa kujibeba juu ya pango kwa muda fulani, kwa hiyo hakuna dalili yoyote mpaka lori la kwanza zito lipite.

Kama mnadhani natia chumvi, tazameni Guatemala City, mji ambao nao umejengwa juu ya majivu na mawe ya kusugulia visigino. Februari 2007 ardhi ilifunguka katika mtaa wa watu na kuacha shimo la kina cha mita 100 hivi, na watu wakafa. Mei 2010, baada ya kimbunga Agatha kuleta mvua kubwa, shimo la pili lilimeza jengo la ghorofa tatu. Mashimo yale yalikuwa ya mviringo, yamenyooka kwenda chini kana kwamba yamechimbwa kwa mashine. Wataalamu wa miamba walieleza kwamba hayakuwa mapango ya chokaa ya kawaida. Maji kutoka mabomba yaliyovuja yalikuwa yamekula majivu ya chini kwa miaka.

Sisi hatujapata shimo la aina hiyo, lakini ardhi yetu imeshatuonyesha inavyofanya kazi. Machi 2018, karibu na Suswa, barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok ilikatika na mtaro wenye kina cha zaidi ya mita 10 ukajitokeza mashambani. Vyombo vya habari vya dunia vikaandika kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Picha zilizunguka kwenye WhatsApp ya kila mtu. Wanajiolojia wakajibu kwa utulivu kwamba Bonde la Ufa linapanuka kweli, ila kwa milimita chache kwa mwaka. Kilichotokea pale, walisema, kinaelezeka vizuri zaidi na mvua iliyopasua njia ya chini kwa chini katika majivu, hadi dari likaanguka. Yaani maji yalijichimbia bomba lao wenyewe bila mkandarasi. Upande wa magharibi wa mji wa Nakuru, mitaa kama Kaptembwo na Rhonda, wenyeji wanaijua hadithi hii ya nyufa na mashimo yanayofunguka baada ya mvua.

Na ardhi yenyewe haitulii. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la Subukia, la ukubwa wa karibu 7, lilipasua uso wa ardhi kwa makumi ya kilomita. Mwaka uliofuata, 1929, Nakuru ikawa manispaa na kuanza safari yake ya kuwa mji wa lami, mitaro na mabomba, hadi ikatangazwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Kila bomba lililozikwa humo katikati limelazwa juu ya kitanda kinachojigeuza.

Haya, sasa kamera. Katika miaka ya 1950 na 1960 Wazungu walianza kuingiza kamera za televisheni ndani ya mabomba ya majitaka. Zilikuwa mashine nzito, zenye picha ya rangi moja, zikivutwa kwa kamba kama kigari cha watoto kutoka shimo hadi shimo, na opareta akikaa ndani ya gari juu barabarani akitazama skrini. Baadaye zikaja zenye magurudumu na injini zake, zenye rangi, zenye shingo inayozunguka. Kwa mara ya kwanza mtu aliona ufa wenyewe, mizizi ya miti iliyopenya kwenye kiungo, dari la bomba la saruji lililoliwa na tindikali. (Tindikali hiyo inatengenezwa na bakteria kutokana na gesi ya majitaka. C. D. Parker wa Melbourne aliwaeleza bakteria hao mwaka 1945.)

Mambo yangeishia hapo kama tatizo lingekuwa kuona. Lakini sasa miji ilikuwa na kanda za video na maelezo ya opareta. Mmoja anaandika "ufa kidogo". Mwingine, kwa ufa uleule, anaandika "bomba limechakaa". Wa tatu anaandika "sawa". Unapanga vipi bajeti ya mji mzima kwa maneno hayo? Utajuaje kama ufa umekua tangu miaka mitano iliyopita, ikiwa aliyeuona mwanzo alikuwa mtu mwingine na siku ile alikuwa na njaa?

Jibu likaja mwaka 1980. Kituo cha utafiti wa maji cha Uingereza, WRc, kilitoa mwongozo wa kuainisha hali ya mabomba ya majitaka. Kila kasoro ikapewa msimbo wa herufi chache: ufa una wake, mpasuko wake, mizizi yake, kiungo kilichoachana chake. Kila kasoro ikaandikwa iko mita ngapi kutoka shimo la kuanzia, na iko sehemu gani ya mduara wa bomba. Kisha misimbo ikapewa alama, na alama zikajumlishwa kuwa daraja la 1 hadi la 5. Wamarekani walichukua mfumo huo na kutengeneza wao mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Ulaya ikapata kiwango chake cha pamoja mwaka 2003. Kwa lugha yetu sisi watu wa kompyuta: walikubaliana jedwali liwe na safu gani, na kila safu ipokee nini. Kazi ya kuchosha kabisa, haina picha nzuri za kuweka gazetini. Lakini tangu siku hiyo bomba la leo likaweza kulinganishwa na bomba la jana.

Hapa nina jambo la Kiswahili ambalo nimelifikiria sana. Mfumo huo unaonyesha sehemu ya mduara kwa kutumia uso wa saa. Kasoro ya juu ya bomba iko saa 12, ya kulia iko saa 3, ya chini saa 6, ya kushoto saa 9. Rahisi. Sasa mpe kazi hiyo fundi wa Nakuru anayehesabu saa kama mama yake alivyomfundisha. Mshale mfupi ukielekea kwenye 9, yeye husema ni saa tatu. Ukielekea juu kabisa, husema ni saa sita. Fundi anapiga simu: "Kuna tundu saa tatu." Je, ni kulia, kwa namba iliyoandikwa, au kushoto, anakoelekeza mshale? "Dari limeliwa saa sita." Ni juu au ni chini? Hii si hadithi ya kuchekesha tu. Dari lililoliwa ni dalili kwamba bomba litaanguka, ilhali alama za kuchakaa chini mara nyingi ni changarawe iliyopita. Yeyote atakayeandika programu ya ukaguzi kwa Kiswahili asiweke sanduku la kuandika saa. Achore duara, fundi aguse kwa kidole. Na hiyo ndiyo aina ya uamuzi ambao hautapatikana kwenye mwongozo wowote uliotafsiriwa.

Mnaojua mtindo wa siku hizi mtauliza: kwa nini tusiachie akili bandia? Kuna mfano mzuri. Mwaka 2021 watafiti Joakim Bruslund Haurum na Thomas Moeslund wa chuo kikuu cha Aalborg, Denmark, walitoa hifadhidata iitwayo Sewer-ML: picha milioni 1.3 kutoka video 75,618 za ndani ya mabomba. Modeli yao ilipokuwa inatambua bomba zima lisilo na kasoro ilipata karibu asilimia 91. Ilipotakiwa kutaja kasoro zenyewe, kwa kipimo kinachohesabu zaidi kasoro zenye hasara kubwa, ikapata asilimia 55 hivi. Nawaheshimu kwa kuchapisha namba hiyo bila kuipaka rangi. Lakini kilichonivutia zaidi ni asili ya zile lebo. Hazikuandikwa na wanafunzi waliolipwa kwa saa. Ziliandikwa na wakaguzi wa kampuni tatu za maji wakifanya kazi yao ya kila siku kwa miaka tisa, kila mmoja akitumia misimbo ileile. Modeli ilitengenezwa juu ya nidhamu ya makarani. Bila jedwali la pamoja, wangekuwa na video 75,618 za giza na maji.

Hata nidhamu ina mipaka yake, nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Tarehe 28 Januari 2025 barabara ilifunguka katika mji wa Yashio, karibu na Tokyo, lori likatumbukia na dereva akafa. Chini yake, kina cha mita 10 hivi, kulikuwa na bomba kubwa la majitaka la miaka ya 1980. Watu milioni 1.2 waliombwa wapunguze kutumia maji ili majitaka yasizidi. Bomba hilo lilikuwa limekaguliwa miaka michache kabla na kuonekana halihitaji kutengenezwa haraka. Sababu mojawapo mnaweza kuitambua sasa: kamera inaona ngozi ya ndani ya bomba, haioni pango la nje. Rada ya kupenya ardhi, ambayo W. Stern aliitumia kupima kina cha barafu ya mlima huko Austria mwaka 1929, inaweza kuona mapango, lakini kutoka juu ya barabara inafika mita mbili au tatu tu, na pungufu ya hapo kwenye udongo wenye maji. Kwa majivu makavu ya Nakuru ingefanya vizuri kidogo. Wakati wa masika, siwezi kuitegemea.

Sasa tufike Mai Mahiu. Jina lenyewe kwa Kikuyu ni maji ya moto.

Alfajiri ya Jumatatu tarehe 29 Aprili 2024, katikati ya masika yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, ukuta wa maji, matope, mawe na magogo ulishuka kutoka upande wa Kijabe na kupita juu ya vijiji, Kamuchiri kikiwemo. Watu wasiopungua 45 walikufa, wengi wakiwa kitandani. Habari za kwanza zilisema bwawa la Old Kijabe limepasuka. Ilieleweka kwa nini: Nakuru bado inakumbuka bwawa la Patel kule Solai, Mei 2018. Lakini siku hiyohiyo Wizara ya Maji ilitoa maelezo mengine. Halikuwa bwawa lililojengwa na mtu. Lilikuwa tuta la reli. Chini ya tuta hilo kuna njia ya kupitishia maji ya mto, na njia hiyo ilizibwa na miti, mawe na udongo ulioletwa na mvua. Maji yakakosa pa kwenda, yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likawa ziwa, kisha tuta likaachia.

Someni tena taratibu. Kalavati liliziba, na tuta likageuka bwawa. Hakuna mhandisi aliyelipiga mahesabu kama bwawa, halikuwa na njia ya kupunguzia maji, halikuwa kwenye orodha ya mabwawa ya kukaguliwa. Lilizaliwa usiku mmoja, likafa usiku huohuo.

Na hiki ndicho kinachoniuma nikiwa mtu wa teknolojia. Kwa tatizo hili hatuhitaji kamera yenye shingo, wala rada, wala modeli ya Denmark. Mdomo wa kalavati uko nje, juani. Kuziba kwake ni kitu ambacho mchungaji anaweza kukiona akipita na mbuzi. Tatizo lilikuwa limefichika kwa maana moja tu, kwamba kuona ni kitu kimoja na kuandikwa mahali ambapo mtu analazimika kujibu ni kitu kingine.

Reli ya zamani ilikuwa na mfumo wake wa kuona. Ilijengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896 na kufika Kisumu 1901, na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India waliletwa kwa ajili hiyo. Ilipokamilika iligawanywa vipande, na kila kipande kikapewa genge lake na nyapara wake, wakiishi kando ya njia katika nyumba za kampuni zilizoitwa landhi (jina la Landi Mawe, Nairobi, limetoka huko). Kazi yao ilikuwa kutembea. Walikaza misumari, walifyeka majani, walizibua mitaro. Sisifu enzi zile: mishahara ilikuwa duni na nyumba zenyewe zilikuwa za kubanana. Nasema tu kwamba jibu la swali "nani ameangalia kalavati hili" lilikuwa na miguu miwili. Baadaye reli ikapita mikono mingi: shirika la Afrika Mashariki likavunjika mwaka 1977, likaja shirika la Kenya mwaka 1978, kisha kampuni binafsi ikakodishwa kuanzia 2006 hadi 2017. Kila mara mali inapohama mikono, chuma hubaki pale kilipo. Kilicho kichwani mwa nyapara kinaondoka naye.

Msidhani ni sisi peke yetu. Marekani, baada ya daraja la Silver Bridge kuanguka Desemba 1967 na kuua watu 46, serikali ilianzisha viwango vya taifa vya kukagua madaraja mwaka 1971. Kila daraja likapata namba, na kwa kawaida hukaguliwa kila miezi 24. Lakini sheria ile inahesabu tu daraja lenye urefu wa zaidi ya futi 20. Kalavati za chini ya hapo, ambazo ni nyingi kuliko madaraja, ziliachwa kwa kila jimbo na kila kaunti kuamua. Wengine wana orodha, wengine hawana. Kitu kidogo kikizibwa kinaweza kuzuia ziwa lenye ukubwa wowote, lakini orodha hupangwa kwa ukubwa wa kitu, si kwa ukubwa wa kile kinachozuiwa.

Kwa hiyo ningepewa kazi ya kuandika programu kwa kaunti za Bonde la Ufa, nisingeanza na akili bandia. Ningeanza na jedwali moja la kila mahali ambapo maji hupita chini ya kitu: reli, barabara ya lami, barabara ya vumbi, ukuta wa shule. Mahali penyewe kwa GPS. Upana wa mdomo. Kimo cha tuta juu yake, kwa sababu hicho ndicho kina cha ziwa litakalozaliwa pakiziba. Nyumba ngapi ziko chini, kwa mkondo wa maji. Aina ya ardhi, kama ni majivu au mwamba. Jina la ofisi inayomiliki, na safu hii isikubali kuachwa wazi. Picha ya mdomo wa juu, tarehe ya picha, na msimbo mmoja kati ya mitano: wazi, robo, nusu, karibu limeziba, limeziba. Simu ya kawaida ya mwenye bodaboda inatosha.

Halafu swali moja la kuuliza hifadhidata hiyo kila mwaka mwezi wa Februari, kabla masika hayajaanza: nionyeshe palipo na tuta refu na nyumba nyingi chini yake, ambapo picha ya mwisho ina zaidi ya siku 90. Mistari mitatu ya SQL. Kazi ngumu itakuwa kwenye ile safu ya mwenye mali, kwa sababu reli ina mwenyewe, barabara ina mwenyewe, mto una mwenyewe, na shamba la chini lina mwenyewe, na kalavati limekaa katikati ya wote wanne.